Miaka miwili katika ofisi moja: jibu kwa meneja mpya wa utawala wa ofisi ya wanyamapori

Swali: "Salaam mwalimu. Kwa miaka mingi nimefanya kazi ya masijala katika ofisi ya wilaya hapa magharibi mwa Uganda. Kuanzia tarehe 1 Julai nitakuwa meneja wa utawala katika ofisi ya eneo la hifadhi. Mafaili nayajua vizuri. Nisiyoyajua ni magari ya doria, bohari ya silaha, stoo ya pembe na madai ya fidia ya wananchi. Nianzie wapi, na ni mambo gani huharibika mara nyingi?" (Dada wa Fort Portal)

Dada yangu, hongera. Tazama kwanza tarehe unayoanzia. Tarehe 1 Julai unafunguliwa mwaka wa fedha wa serikali yetu, nao utafungwa 30 Juni. Hifadhi ina mwaka wake mwingine: mvua na kiangazi, moto wa nyasi, misimu ya wageni, mahindi ya majirani yanapokomaa, na siku za kuelekea Krismasi na Pasaka ambapo nyama ya porini hutafutwa zaidi. Mengi yanayoharibika katika ofisi za namna hii huanzia hapo: fedha, vifaa na watu hufika wakati pori limeshabadilika. Kwa maoni yangu kazi yako kubwa ni kuoanisha miaka hiyo miwili.

Chukua barabara za doria. Kusini na magharibi mwa nchi mvua kwa kawaida hunyesha Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Fedha za robo ya kwanza zikitoka Julai, ombi la ununuzi likaandikwa Agosti na zabuni zikafunguliwa Septemba, mkataba utatiwa saini Oktoba au Novemba, na greda litazama kwenye matope wiki ile ile. Mkandarasi ataomba kuongezewa muda. Krismasi itaingia, wiki kavu za Januari zitaishia kwenye kuandikiana barua, na Machi mvua itarudi. Ikifika 30 Juni, fedha ambazo hazikutumika hurudi katika Mfuko Mkuu wa Serikali. Kwenye hesabu hilo litaitwa kushindwa kutumia bajeti. Kwenye kituo cha askari litakuwa mwaka mwingine wa kubeba magunia kichwani.

Dawa yake ni kuanza mapema. Sheria ya ununuzi wa umma inaruhusu mchakato uanze pale inapothibitishwa kwamba fedha zipo au zitakuwepo. Hivyo vipimo vya kazi, makadirio na rasimu ya nyaraka za zabuni viwe tayari Aprili na Mei, bajeti ikiwa bado Bungeni, ili mwaka ukifunguka usukume karatasi zilizokwisha andikwa. Na usichukue ratiba ya ofisi nyingine ukaigeuza yako. Hifadhi ya Kidepo, kaskazini mashariki, kuna msimu mmoja mrefu wa mvua, takriban Aprili hadi Oktoba, na kiangazi kikali baada ya hapo. Ratiba inayofaa hifadhi ya Bwindi, kusini magharibi, itamwangusha mtu wa Apoka, kituo kikuu cha Kidepo.

Tarehe za bajeti zenyewe ziandike ukutani. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015, waraka wa mfumo wa bajeti hufika Bungeni kabla ya 31 Desemba, taarifa za sera za wizara kufikia 15 Machi, makadirio ya mwaka kufikia 1 Aprili, na Bunge huidhinisha kufikia 31 Mei. Ukirudi nyuma kutoka hapo, mahitaji ya ofisi yako yanapaswa kuwa yamefika makao makuu ya Mamlaka ya Wanyamapori, Kamwokya jijini Kampala, mwezi Oktoba. Hema, injini ya boti au paa la nyumba ya askari ambalo halikuandikwa Oktoba halipo kwa mwaka mzima ujao. Kwa hiyo kuanzia siku ya kwanza fungua faili moja la mahitaji, na kila anayelalamika kwako kuhusu kifaa aondoke akiwa ameandika mstari humo: kifaa, idadi, kituo, kilichopo sasa na hali yake. Oktoba hutakuwa na haja ya kumpigia mtu simu.

Karatasi kubwa ya ukutani ninayoshauri ina safu 12 za miezi na mistari mitatu: hazina, pori, watu. Mstari wa hazina una robo za mwaka, tarehe za bajeti na mikataba inayoisha. Wa pori una mvua, moto, mavuno ya majirani na misimu ya wageni, ambayo kwa kawaida ni Juni hadi Septemba na Desemba hadi Februari. Wa watu una likizo, mafunzo na uhamisho. Utaona mwenyewe inapogongana.

Makabidhiano

Usitie saini hati ya makabidhiano kwa kitu ambacho hujakihesabu. Najua utaharakishwa, maana anayeondoka anangojwa kwenye kituo kipya. Omba siku tano za kazi, na kama haziwezekani, andika kwenye hati yenyewe: "havijahakikiwa", kisha orodhesha. Saini isiyo na maneno hayo inahamisha upungufu wote wa zamani kuwa wako.

Hesabu kwa macho: funguo na nakala zake, magari pamoja na maili zilizoandikwa kwenye dashibodi, matairi ya akiba na jeki, pikipiki, jenereta, boti, redio za mawasiliano, vifaa vya GPS, kompyuta, nyumba za watumishi na anayeishi katika kila moja. Kisha dai orodha ya visivyoonekana, ambayo husahaulika karibu kila mara: madeni ya wauzaji, masurufu (fedha za kazi zilizotolewa mapema) yasiyorejeshewa hesabu na majina ya walioyachukua, kesi zilizoko mahakamani zinazohitaji vielelezo kutoka stoo yako, mikataba inayoisha ndani ya miezi sita, barua za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ambazo hazijajibiwa, na nywila za mifumo. Nywila usipewe za mtu mwingine. Aliyeondoka afungiwe akaunti na wewe ufunguliwe ya kwako, la sivyo malipo yatakayopitishwa Agosti yatabeba jina la mtu aliyeondoka Juni.

Ununuzi

Mipaka ya madaraka ni hii. Idara inayohitaji kitu huanzisha ombi, Fomu 5 kama wengi tunavyoiita. Kitengo cha ununuzi huendesha mchakato. Kamati ya mikataba huidhinisha njia, nyaraka na mshindi. Kamati ya tathmini hutathmini tu. Afisa Masuuli, yaani mkuu mwenye dhamana ya fedha za taasisi, ndiye anayewajibika kwa yote. Meneja wa utawala mara nyingi ni idara inayohitaji, basi usikae pia kwenye tathmini ya ombi lako mwenyewe hata kama ofisi ina watu wachache.

Makosa yanayorudi kila mwaka ni machache. La kwanza ni kugawa hitaji moja vipande vidogo ili liingie kwenye njia rahisi ya ununuzi. Sheria inalikataza, na huonekana upesi kwa sababu hati tano za muuzaji mmoja hubeba tarehe za wiki moja. La pili ni kununua kwanza na kuomba kibali baadaye. Gari limeharibika porini, fundi ameitwa, ankara imekuja, sasa inatafutwa Fomu 5 ya tarehe ya nyuma. Kinga ya hilo ni mkataba wa mfumo wa mwaka mzima kwa matengenezo, vipuri, matairi na vyakula vya doria: bei zinakubaliwa mara moja, kisha unaagiza kila hitaji linapotokea. Kwa ofisi iliyo mbali na mji sijaona njia bora kuliko hiyo.

La tatu ni vipimo vilivyoandikwa ovyo. Ukiandika "matairi manne ya Land Cruiser" utaletewa matairi ya barabara ya lami. Andika saizi kamili kama ilivyo ubavuni mwa tairi la sasa, uwezo wa kubeba mzigo, kashata (meno ya tairi) za matope, na kwamba yasizidi miezi 12 tangu yatengenezwe siku ya kupokelewa. Tarehe hiyo unaisoma mwenyewe ubavuni: tarakimu nne za mwisho za alama inayoanza na herufi DOT, mbili za wiki na mbili za mwaka. 2325 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2025. Mfundishe mtunza stoo kuisoma kabla hajatia saini ya kupokea, maana tairi lililokaa miaka minne ghalani hupasukia kwenye mawe hata kama kashata zake bado ni mpya.

Mafuta na magari

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea kimyakimya, na kwa kawaida mlango ni kipimo cha maili kilichokufa. Gari lenye kipimo kibovu lisipewe mafuta ya safari ya kawaida hadi litengenezwe. Ni amri kali, lakini bila kipimo hakuna hesabu.

Kwa kila gari tafuta viwango viwili, kimoja cha barabara ya lami au murram na kingine cha njia za doria kwa gia ndogo. Jaza tangi hadi juu, endesha safari unayoijua, jaza tena, gawa kilomita kwa lita. Gari likitembea kilomita 640 kwa lita 80, hiyo ni kilomita 8 kwa lita. Gari hilo hilo kwenye njia za mawe linaweza kushuka hadi 5, na dereva asishutumiwe kwa hilo. Kila mwisho wa mwezi linganisha. Tofauti ikizidi asilimia 15, anza na fundi kabla ya dereva: kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, breki zinazoshika, matairi yenye upepo mdogo. Wakati wa kiangazi kichujio kikaguliwe kila wiki. Fundi akisema gari ni zima, sasa soma kitabu cha safari pamoja na dereva, na ulize kila safari iliidhinishwa na nani. Boti na jenereta hazina kilomita. Zipime kwa lita kwa saa ya injini, na kama kipimo cha saa hakipo kinunuliwe, ni kifaa kidogo.

Hifadhi akiba ya mafuta ya siku ambazo kadi au mfumo wa malipo haufanyi kazi, na iandikiwe leja yake peke yake. Akiba hiyo huisha mara nyingi zaidi Julai, fedha za mwaka mpya zikiwa hazijashuka, na ndio mwezi wa wageni wengi. Basi Mei na Juni usiitumie kwa safari za mikutano.

Chakula cha doria

Mhifadhi akikuletea ombi lililoandikwa "chakula cha doria", lirudishe kwa upole uombe idadi ya watu na siku. Askari 6 kwa siku 7 ni siku-mtu 42. Kwa nusu kilo ya unga wa mahindi (posho) kwa mtu kwa siku ni kilo 21. Kwa gramu 200 za maharage ni kilo 8.4. Ongeza chumvi, mafuta, sukari na majani ya chai kwa kiwango mlichokubaliana na askari wenyewe. Ukiwa na doria nane za namna hiyo kwa mwezi, unahitaji kilo 168 za unga, na sasa unaweza kuagiza kwa robo mwaka bila kubahatisha. Unga uwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na gunia la zamani litoke kwanza. Unga ulioota ukungu usigawiwe hata kama leja itaonyesha hasara: undiwe kamati, uandikiwe, uharibiwe mbele ya mashahidi. Mtu anayekwenda kulala porini siku saba kwa ajili ya nchi anastahili unga mzuri, na hilo liko mikononi mwako.

Stoo ya nyara

Sehemu hii nakuomba uisome mara mbili. Mwaka 2014 ilibainika kwamba zaidi ya kilo 1,300 za pembe za ndovu zilikuwa zimetoweka kutoka stoo ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA, jijini Kampala. Askari wanakamata pembe kwa kuhatarisha maisha. Zikitoka tena kwa mlango wa ofisi, kazi yao yote imerudishwa sokoni.

Pembe inapofika, pokea kutoka kwa mtu mwenye jina, kwa saa na tarehe, mbele ya shahidi wa tatu. Ipimwe kwa mizani iliyokaguliwa, ipimwe urefu na mzingo wa kitako, ipigwe picha ikiwa na rula pembeni. Vipimo vya urefu na mzingo vinahitajika kwa sababu pembe hupungua uzito kidogo inapokauka. Bila hivyo, anayebadilisha pembe atasema "imekauka". Kisha itiwe alama. Utaratibu wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, unahusu kila pembe nzima, na kila kipande chenye urefu wa sentimita 20 au zaidi na uzito wa kilo 1 au zaidi. Alama ina herufi mbili za nchi ya asili, namba ya mfululizo ya mwaka, tarakimu mbili za mwaka, na uzito kwa kilo. UG 37/2512 ni pembe ya 37 ya mwaka 2025 yenye kilo 12. Huandikwa kwa nyundo ya chapa au wino usiofutika, si kwa karatasi ya gundi; karatasi ya gundi huanguka kwa joto na kuliwa na mende. Nchi inapaswa kutoa taarifa ya akiba yake ya pembe kwa sekretarieti ya CITES kila mwaka kabla ya 28 Februari, basi hesabu yako ya kimwili iwe imekamilika Desemba, si siku mbili kabla.

Stoo iwe na kufuli mbili na watu wawili tofauti, kila mmoja na ufunguo wake, asiwepo mmoja mwenye zote mbili hata wakati wa likizo. Kielelezo kinachokwenda mahakamani kitoke kwa barua, na tarehe ya kutarajiwa kurudi iandikwe. Tangu 2017 tuna mahakama maalumu ya viwango, huduma na wanyamapori jijini Kampala, na Sheria ya Wanyamapori ya 2019 iliongeza adhabu hadi kifungo cha maisha kwa makosa makubwa dhidi ya viumbe walio hatarini kutoweka. Hakimu hatatoa adhabu hiyo kama wakili wa mshtakiwa ataonyesha kwamba kati ya Jumanne na Alhamisi hakuna anayejua pembe ilikuwa wapi. Pengo la siku mbili kwenye daftari linatosha kuua kesi. Magamba ya kakakuona nayo yapimwe na kufungwa kwenye mifuko yenye lakiri za namba, maana ni mepesi kuchotwa kidogo kidogo.

Bohari ya silaha ina msimamizi wake na hupaswi kumfanyia kazi yake. Wajibu wako ni kwamba kila mwezi mtu asiye msimamizi huyo ahesabu bunduki kwa namba zake na risasi moja moja, na kwamba risasi iliyotumika ina ripoti ya doria ya siku hiyo hiyo. Ripoti iliyoandikwa wiki moja baadaye ichunguzwe.

Tiketi na vibali

Kama ofisi yako inahusika na vibali vya kuwatembelea sokwe au gorila, weka orodha tatu pembeni kwa pembeni kila wiki: waliowekewa nafasi, waliolipa, na walioandikwa kwenye daftari la maelekezo asubuhi kabla ya kuingia msituni. Kundi la gorila hupokea wageni 8 kwa siku, kwa hiyo jina la tisa ni swali. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2024, mgeni wa nje ya Afrika asiye mkazi hulipa dola 800 kwa kibali cha gorila, na raia wa Afrika Mashariki shilingi 300,000. Pengo hilo ni kubwa, na ndilo kishawishi: mgeni wa dola anaandikwa kama raia. Kinga yake ni namba ya pasipoti au kitambulisho kwenye orodha zote tatu, iandikwe na watu tofauti.

Watu

Mishahara hutoka makao makuu, lakini taarifa zake zinaharibikia kwako: aliyehama bado yuko kwenye kituo cha zamani, aliyefariki hajaondolewa, mpya hajaingizwa. Mabadiliko yote yatumwe kwa tarehe moja maalumu ya mwezi. Kodi ya mshahara na michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 ya mwajiri na 5 ya mfanyakazi, hulipwa kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Kwa vibarua unaowalipa wewe papo hapo, hakikisha hilo limefanyika, maana wengi hujua hawakuchangiwa siku wanapozeeka.

Likizo ni tatizo la kweli. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mfanyakazi siku 7 kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo, yaani 21 kwa mwaka, na saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Askari anayetoka doria ya siku saba apewe siku zake pale pale anaporudi, na ziandikwe. Waongoza wageni wapumzike Aprili na Mei. Kikosi cha kupambana na ujangili kisipewe likizo kwa wingi Desemba, lakini wasiwe watu wale wale kila Krismasi: zungusha majina na ubandike orodha Septemba mahali kila mtu anaiona. Orodha inayojulikana na wote hupunguza manung'uniko kuliko barua yoyote.

Kila askari awe na fomu ya warithi na mtu wa kupigiwa simu, ihakikiwe kila Januari. Mfanyakazi akifia kazini na kuacha waliomtegemea kikamilifu, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inawapa mapato ya miezi 60. Kinachochelewesha malipo hayo kwa kawaida ni karatasi: ajali haikuandikiwa afisa wa kazi mapema, au jina kwenye mkataba halilingani na la kitambulisho cha taifa. Linganisha majina sasa, wakati wote wako hai na hakuna anayelia.

Majirani wa hifadhi

Nimeiacha hii mwisho kwa sababu ndiyo utakayoulizwa barabarani, sokoni na kanisani.

Kuna fedha za aina mbili na wananchi huzichanganya. Ya kwanza ni asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi, inayokwenda kwa serikali za mitaa zinazopakana na hifadhi kwa miradi ya jamii. Ya pili ni mfuko wa fidia ulioanzishwa na sheria ya 2019, unaotengewa asilimia 2 ya mapato ya UWA, kwa mtu aliyeuawa, kujeruhiwa au kuharibiwa mali na wanyama waliotajwa katika jedwali la sheria, wakiwemo ndovu, simba, nyati, kiboko na mamba, nje ya mipaka ya hifadhi. Kanuni zake zilitoka 2022. Dai hupitia kamati ya wanyamapori ya jamii, kisha kamati ya uhakiki, kisha bodi ya UWA.

Madai mengi hufia kwenye hatua ya kwanza kabisa, ile ya kuandikwa. Mkulima anafika ofisini ndovu akiwa ameshapita siku kumi, ameng'oa mabua na kupanda upya, na hakuna cha kupima. Wengine huleta barua ya mwenyekiti wa kijiji (LC1) isiyo na tarehe ya tukio. Andaa ukurasa mmoja kwa lugha za eneo lako na kwa Kiswahili, ubandikwe kwa kila mwenyekiti: usiguse shamba, piga picha za nyayo na mazao, toa taarifa siku hiyo hiyo, shika kitambulisho cha taifa. Ofisini fungua daftari lenye namba za mfululizo: saa ya taarifa, jina na namba ya kitambulisho, mnyama, zao na umri wake, mahali kwa GPS, jina la askari aliyetumwa na saa aliyofika. Mahali ni muhimu kwa sababu upande wa ndani au wa nje wa mpaka ndio unaoamua dai.

Kipimo cha shamba nacho hukosewa. GPS ya mkononi hukosea mita kadhaa. Shamba la mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400, karibu sehemu ya kumi ya eka. Kosa la mita 2 tu kila upande linaligeuza kuwa 24 kwa 24, mita 576, ongezeko la asilimia 44. Kosa likienda upande wa pili, mkulima ananyang'anywa. Mashamba yaliyo chini ya nusu eka yapimwe kwa kamba ya mita 50, mwenye shamba akishika ncha moja. Atakubali matokeo aliyoyapima mwenyewe.

Thamani ya zao iwekwe na afisa kilimo wa kata kwa maandishi, siyo na askari wako. Na kila mwezi, mwenye daftari awapigie simu au awatumie ujumbe wote ambao madai yao bado yako njiani, awaambie yamefika wapi, hata kama ni pale pale yalipokuwa mwezi uliopita. Mtu asiyeambiwa kitu hudhani limetupwa, na usiku ndovu wakirudi hatapiga simu ofisini. Tengea kazi hiyo siku maalumu na bajeti ya muda wa maongezi, uiandike kwenye faili lile la mahitaji la Oktoba.